Namba ya Heshima

Msusi aliingia dukani akiwa ameshavua kiatu kimoja mlangoni, kama mtu anayeingia bafuni kwake. Hata salamu hakuitoa vizuri. Alitupa "habari za hapa" hewani, aiokote atakayeiokota, akaketi kwenye benchi na kunyoosha mguu.

"Mama Soli, hebu nipe kile cheusi cha dirishani. Najaribu tu."

Najaribu tu. Siku hizi mtaa mzima ulikuwa unajaribu tu. Mama Soli alikileta kiatu, akapiga goti, akamvalisha kwa kile kijiko kirefu cha kuvalia viatu, akabonyeza mbele kwa kidole gumba kuona kama vidole vinapumua. Msusi akasimama mbele ya kioo, akageuka huku, akageuka kule, akaangalia kisigino chake kwa mapenzi kama mtoto wake amepata digrii. Kisha akavua, akatoa simu, akapiga picha ndani ya kiatu, penye stika ya namba.

"Kizuri," alisema. "Nitarudi."

"Karibu tena," alijibu Mama Soli, kwa sauti ya mtu anayemkaribisha nzi mezani.

Hakuwa na haja ya kwenda kwa mganga kujua kitakachofuata. Msusi angelala chali kitandani, angefungua lile duka la kwenye simu, angekiagiza kiatu hicho hicho au ndugu yake wa kambo, na pikipiki ingemletea mlangoni. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi hivyo vya kwenye simu vilikuwa vinajitembeza mpaka chooni. Mtu amekaa zake anashughulika, viatu vinapita mbele ya macho.

Duka la vyombo jirani lilishafungwa. La vitabu lilikuwa sasa linachaji simu. Kwa mpangilio huo, Mama Soli alijikuta ndiye chumba cha mwisho cha kujaribia, bure kabisa: kioo, benchi, feni, na mtu mzima wa kupiga magoti. Kitu pekee ambacho watu hawakukitaka tena ndani ya duka la viatu kilikuwa viatu.

Na ndani ya nyumba mambo hayakuwa afadhali. Mumewe, ambaye mtaa ulimwita Mstaafu kwa sababu alistaafu kazi ya ofisi lakini hakustaafu kutoa maagizo, alikuwa ameshaongea na watu wa vifurushi. Walikitaka chumba kile cha duka, ambacho kilikuwa mali yake. Rafu zingebaki, ila badala ya viatu zingekaa maboksi ya watu walioagiza vitu kwa simu.

"Mke wangu, mimi si mkatili," alimwambia wakiwa mezani. "Nimewaambia wasubiri kwaya. Kwaya wakinunua kwako kama kila mwaka, duka linabaki duka. Wasiponunua, Jumamosi jamaa anakuja kupima chumba."

"Na mimi nitakaa wapi?"

"Utakaa hapo hapo kaunta, ukigawa vifurushi. Kazi ya kukaa, haina magoti."

Mama Soli alimwangalia akitafuna. Mwanaume alikuwa anamuuzia msiba kwa bei ya mapumziko.

Kwaya ile ilikuwa ya kina mama wa mtaani, na kila mwaka ilikwenda kwenye mashindano ambako walisimama jukwaani kutwa nzima. Kila mwaka walitaka viatu vyeusi vinavyofanana, na kila mwaka walivichukua kwa Mama Soli. Mwaka huu hata hakusubiri kuulizwa. Alivileta mapema, maboksi yakajaa stoo mpaka mlango ukawa unafunguka nusu. Mwenyekiti wa kwaya alikuwa dada wa Mstaafu, wifi yake wa damu. Nani angedhani?

Hapa inabidi kusema jambo kuhusu namba za duka lile.

Zamani sana, mama mmoja mwenye mguu wa haja alikuja akaomba thelathini na nane. Mama Soli alimletea thelathini na nane, mguu ukagoma. Akamletea arobaini, ukaingia kama uliumbwa humo, lakini yule mama alipoona namba alikivua kama kina nge, akasema hajawahi kutukanwa hivyo. Kesho yake Mama Soli alikaa na msasa, akasugua namba za kiwandani chini ya soli, akabandika stika zake ndani. Arobaini ikawa thelathini na nane. Yule mama aliporudi alinunua jozi mbili na kumkumbatia.

Tangu siku hiyo, dukani kwake kulikuwa na namba ya mguu na namba ya heshima. Kila mwanamke alipunguziwa mbili. Wenye makuu walipunguziwa tatu. Wifi yake alikuwa na makuu. Mtaa mzima ukakua ukiamini una miguu ya watoto wa kifalme, na yeyote aliyenunua kwingine kikambana alirudi akilalamika kwamba viwanda vya siku hizi vinaiba ngozi. Mama Soli aliitikia kwa kichwa. Ngozi kweli inaibwa, shoga yangu, dunia imeharibika.

Kwaya walikuja Jumatatu mchana, wote kwa pamoja, na duka likajaa harufu ya mafuta ya nywele. Wifi alitangulia, miwani ya jua juu ya kichwa, simu mkononi kama fimbo ya chifu.

"Wifi yangu kipenzi! Tumekuja kujaribu vya mashindano."

"Kujaribu na kuchukua, au kujaribu tu?"

"Jamani wifi, haraka ya nini? Kwanza tuvione."

Mama Soli alipiga magoti mbele ya kwaya nzima, mguu baada ya mguu, sauti ya kwanza mpaka sauti ya nne. Alimvalisha Nesi wa zahanati, ambaye soksi yake ilikuwa na tundu na akajifanya halioni. Alimvalisha Msusi tena. Alipofika kwa Wifi, ilibidi mmoja ashike benchi.

"Thelathini na tisa, kama kawaida," alisema Wifi, akijitazama kwenye kioo. "Mguu wangu hauzeeki. Sio kama wengine hapa, sitaji mtu."

"Mtaje tu," alisema Nesi, "tunamjua, ana miwani kichwani."

Walicheka, na huku wakicheka kila mmoja alikuwa anageuza kiatu na kupiga picha stika. Wifi aliandika namba za wote kwenye simu yake. Kisha wakavua, wakaviacha viatu vimelala chali katikati ya duka kama samaki sokoni, wakatoka.

"Tutarudi, wifi!"

"Karibuni tena."

Jioni yake Mstaafu alikuja na simu yake mkononi, uso umempwaya. Dada yake alikuwa ameweka picha kwenye kundi la familia: oda imekamilika, viatu vya kwaya nzima, vinaletwa mpaka mlangoni, oyee kwa maendeleo.

"Ndiyo hivyo, mke wangu," alisema. "Ningemsema, lakini ni dada yangu mkubwa, unamjua."

"Namjua."

Mama Soli alikaa kwenye benchi. Duka lilikuwa limekwisha, na yeye ndiye aliyelipigia magoti ya mwisho. Halafu akaliona jambo. Walikuwa wameagiza kwa namba gani?

Kwa stika zake.

Alianza kucheka polepole, kama sufuria inayoanza kuchemka, kisha akacheka mpaka akashika mbavu, mpaka Mstaafu akaenda kumletea maji akidhani ni mshtuko.

"Nini?"

"Hakuna, mume wangu. Nafurahia maendeleo."

Viatu vilifika Alhamisi. Ijumaa alasiri kwaya walirudi, na safari hii hawakujaa dukani kwa mbwembwe. Walianza kusikika kutoka kona, soli zikigonga lami moja moja, bila mpango, kama farasi mgonjwa. Nesi alikuwa anatembelea vidole. Msusi alikuwa ameshika kiatu kimoja mkononi na cha pili amekikanyaga kisigino kama kandambili. Wifi alitembea wima kabisa, uso mkavu, lakini jasho lilimtoka juu ya mdomo. Adhabu ya kiatu aijuaye ni kidole.

"Wifi," alisema, akajitupa kwenye benchi. "Tumeibiwa."

"Pole. Na nani?"

"Hawa matapeli wa kwenye simu! Wameandika namba, sio namba. Thelathini na tisa gani hii? Hii ni ya mdoli!"

"Rudisheni basi. Si wanasema ukikataa unarudisha?"

Msusi aliangalia feni.

"Tulivivaa kwenye mazoezi," alisema Nesi hatimaye. "Mwenyekiti alisema tukivitembelea vitalainika. Soli zimechubuka. Wamekataa."

"Nilisema vitalainika kwa sababu ngozi halisi hulainika!" alifoka Wifi. "Sasa mimi nilijuaje kama ni plastiki? Wifi, si una vile vibao vyako vya kutanulia? Vitanue."

Mama Soli alichukua kiatu cha Wifi, akakikunja, akakigonga kwa kucha, akakirudisha.

"Hiki ukikitanua kinapasuka. Hii si ngozi, hii ni ndoo."

Walimwangalia wote. Na sasa ndio ule wakati aliouota tangu Jumatatu: kwaya nzima imelegea mbele yake, mashindano ni keshokutwa, stoo imejaa, na mumewe amesimama kwenye mlango wa nyuma akisikiliza huku shingo imenyooka kama kuku. Hakutakiwa kufanya lolote. Alitakiwa tu aseme "poleni", afungue stoo, na duka libaki duka.

"Basi, leta vyako," alisema Wifi, akipepea uso kwa mfuniko wa boksi. "Tutachukua hivyo hivyo. Ila utupunguzie, maana tumeshatumia hela huko, na wewe hapa ulikuwa unapigwa na vumbi tu. Kwa kweli mnisikilize wenzangu, tununue tumsaidie. Ndugu ni ndugu. Tumsaidie, asifunge."

Kuna maneno yanaingia mwilini kama mwiba. Miaka yote Mama Soli ameshika visigino vyao, amezivumilia soksi zao, amewapunguzia miguu. Sasa wamsaidie.

"Mnisaidie," alisema taratibu.

"Eh, sisi si watu baki."

Aliinuka, akaenda dirishani, akachukua kiatu cheusi, akaingiza ukucha ndani na kubandua stika. Akaibandika kwenye mfuniko wa boksi aliokuwa anapepea nao Wifi.

"Mwenyekiti, hao wa kwenye simu hawajakuibia. Umeomba thelathini na tisa, wamekuletea thelathini na tisa. Mguu wako ni arobaini na mbili."

Wifi aliacha kupepea.

"Unasema?"

"Arobaini na mbili. Na ukiwa umesimama sana, inasogea. Nesi, wewe ni arobaini na moja. Msusi, wewe una bahati, arobaini, ila wa kushoto una mambo yake. Namba zote humu nilizibandika mimi kwa mikono yangu, ili msilie dukani kwangu. Mguu mdogo mlionao ni wa karatasi, na gundi ni yangu."

"Mama Soli!" Msusi alishika kifua.

"Anasema hivyo kwa wivu," alisema Wifi, akisimama bila kiatu. "Wivu wa biashara! Mimi niwe na mguu wa arobaini na mbili, mimi ni askari? Twendeni! Afadhali tukaimbe peku kuliko kununua matusi."

"Peku mtaenea vizuri," alisema Mama Soli. "Miguu yenu haina shida ya kusimama, ina eneo."

Waliondoka. Wengine walichechemea, wengine walibeba viatu kwapani, na wote waliondoka na hasira ya aina ile ambayo mtu huwa nayo tu anapoambiwa kitu alichokijua.

Mstaafu aliingia kutoka nyuma, akasimama katikati ya duka.

"Mke wangu. Walikuwa wananunua."

"Nimewasikia."

"Umelifunga duka kwa mdomo wako mwenyewe. Hata mimi mwenye chumba nisingeweza kulifunga kwa haraka hivyo."

"Mpigie jamaa yako wa vifurushi."

"Nilishampigia," alisema, akatoka kwa aibu.

Asubuhi ya Jumamosi Mama Soli alikwenda mapema kuondoa viatu dirishani. Hakutaka yule mtu wa kupima chumba amkute analia kati ya maboksi. Mdharau mwiba mguu huota tende, alijiambia, na mguu uliovimba safari hii ulikuwa wake. Angeweza kunyamaza. Mtu mwenye akili anamsikiliza mpumbavu mpaka amalize, halafu anamwandikia risiti. Hata duka la simu, pamoja na ujinga wake wote, halikuwahi kumwambia mteja ukubwa wa mguu wake.

Mlango wa nyuma uligongwa.

Alikuwa Nesi, kajifunga mtandio mpaka puani kama anakimbia karantini.

"Shikamoo zangu baadaye," alisema, akijipenyeza ndani. "Niletee ile saizi uliyosema."

"Arobaini na moja?"

"Usiitaje! Kuta zina masikio. Ilete tu." Alivaa, akasimama, akafumba macho kwa raha kama mtu aliyeshushiwa mzigo. Kisha akafumbua jicho moja. "Na ile karatasi yako. Niwekee."

"Karatasi gani?"

"Mama Soli, usinitese. Tunavua viatu vyumba vya kubadilishia pale mashindanoni. Watu wanachungulia. Niwekee thelathini na tisa."

"Lakini unajua si kweli."

"Mimi najua. Wao hawajui. Wao wenyewe una habari na miguu yao? Msusi anakanyaga kama tingatinga. Usimwambie mtu nimekuja."

Mama Soli alibandika stika. Nesi hakuwa hata amefika kona, mlango wa nyuma ukagongwa tena. Alikuwa Msusi, naye kajitanda, naye akinong'ona. Alikuja kwa ajili ya mguu wa kushoto, alisema, kwa sababu ule wa kulia hauna tatizo. Akataka thelathini na nane. Akasema hashangai kuhusu Nesi, ile miguu aliishuku zamani, mtu anavaa kiatu mpaka kinaomba msaada. Na tafadhali, hii ibaki kati yao wawili.

Waliendelea kuja. Sauti ya pili nzima ilipita pale mmoja mmoja, kila mmoja akijidhania peke yake, kila mmoja akisengenya miguu ya aliyetoka dakika hiyo hiyo. Wawili walikutana uchochoroni na wote wawili wakasema wanamtafuta paka. Hakuna aliyeomba kupunguziwa bei, wala aliyetaja neno kusaidia. Stoo ilianza kufunguka mlango wote.

Mama Soli alikuwa anabandika stika na kuwadharau, na kadiri alivyowadharau ndivyo alivyobandika kwa unadhifu zaidi. Ukweli wameupata bure, wameutema. Uongo ule ule wa jana wameurudia kwa kuvizia, wakiwa wameushika mkononi wanaujua ni karatasi. Wangeagiza wapi kitu kama hicho? Simu haina gundi.

Wifi alikuja wa mwisho, na hakupitia nyuma. Alipita mlango wa mbele kama mwenye nyumba, akaketi kwenye benchi, akautoa mguu nje ya gauni. Ulikuwa na malengelenge matatu na plasta moja.

"Sijaja kuomba radhi," alisema.

"Sijakuomba."

"Nimekuja kwa sababu mwenyekiti hawezi kusimama peku mbele ya waamuzi. Ni suala la taasisi."

"Naelewa. Taasisi ni arobaini na mbili."

"Thelathini na tisa."

"Kiatu au stika?"

Wifi alipumua kwa pua. "Kiatu unakijua. Stika thelathini na tisa."

"Nitakuwekea arobaini, wifi. Watu wamekuona jana umevua. Hata uongo unataka pa kukanyaga."

"Hao wengine umewawekea ngapi?"

"Hao wengine nani? Hakuna aliyekuja."

Waliangaliana. Wifi akatazama stoo iliyobaki nusu, akatazama uchochoroni, akaelewa, akausogeza mguu mbele. Mama Soli alipiga goti, akashika kijiko.

Hapo ndipo Mstaafu alipoingia na yule jamaa wa vifurushi, mwanaume mwenye shati jeupe na futi ya chuma ya kuvuta. Jamaa hakusalimia. Alivuta futi mpaka ukutani, ikapita juu ya vidole vya Wifi.

"Tunaanzia hapa," alisema. "Benchi hili litatoka, kioo kitatoka."

"Kioo kitoke kiende wapi?" Wifi aliuliza.

"Dada," alisema Mstaafu, "chumba kinakuwa cha vifurushi. Si ndio mnavyotaka? Mtakuwa mnachukulia oda zenu hapa hapa."

Wifi alikiangalia kioo. Akauangalia mguu wake, nusu ndani ya arobaini na mbili. Mama Soli aliona hesabu zikipita usoni mwake: mwaka ujao, mashindano mengine, sanduku linafika, namba imechongwa kwenye soli na kiwanda, kubwa, mbele za watu, na hakuna mtu wa kuisugua.

"Hebu toka na hilo lifuti lako!" alipaza ile sauti yake ya kuongoza kwaya. "Huoni watu wanavaa? Mdogo wangu, una akili kweli? Hili ni duka! Kwaya nzima imenunua hapa, leo hii, mwulize mkeo. Vifurushi mkaviweke kwako chumbani."

"Lakini dada, wewe mwenyewe ndiye uliye..."

"Nimesema!"

Futi ilijirudi yenyewe kwa kishindo. Jamaa wa vifurushi alimwangalia Mstaafu, Mstaafu akamwangalia mkewe, na mkewe akamwonyesha stoo kwa kidevu. Mstaafu alikwenda, akachungulia, akarudi taratibu.

"Tuongee nje," alimwambia jamaa. "Baadaye. Labda mwakani."

Walipotoka, Mama Soli aliinamia kijiko chake tena. Wifi aliketi wima, mguu bado nusu ndani, akisubiri kushukuriwa. Alisubiri sana.

"Usiniangalie hivyo," alisema.

"Sikuangalii, wifi. Sukuma kisigino."